Mbolea ya Bwawa Isigeuke Sumu

Hapa Kemondo ziwa li karibu, lakini si kila siku fedha ya kitoweo ipo. Ndiyo maana tulichimba bwawa dogo chini ya kibanja, tukapandikiza sato. Tulipoona maji hayana rangi ya kijani, tulichukua yurea iliyobaki shambani tukaimwaga yote. Siku chache baadaye samaki walielea, na watoto wakasimama ukingoni wakilia.

Kosa letu lilikuwa nini? Yurea ina naitrojeni asilimia 46, nayo ndani ya maji hugeuka kuwa amonia. Mimea huipenda, lakini ikizidi huunguza matamvua ya samaki. Jua kali la mchana huizidishia ukali.

Sasa tunatumia samadi iliyooza, kidogo kidogo, ndani ya uzio wa fito pembeni mwa bwawa. Kabla ya kuongeza tunapima: tunazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kiganja kisipoonekana kwa ukijani wa maji, mbolea inatosha. Alfajiri samaki wakihema juu ya maji, hewa imepungua. Acha mbolea, ingiza maji safi.

Tena, tuwaonye waume zetu: mrututu wa kahawa una shaba, nayo huua samaki. Bomba la kunyunyizia lisioshwe bwawani wala kwenye mfereji unaoingia humo.

Mama, tusimwage kwa kukisia. Tupime kwanza, watoto wapate kitoweo.