Ardhi ya Mjini: Ya Jembe au ya Matofali?

Wengi wetu twadhani ya kwamba jembe ni la mashambani, na mjini ni pa kalamu na matofali. Lakini kiwanja kitupu cha mjini hutazamwa na watu wawili: mmoja huona mboga, wa pili huona jengo. Je, haki ni ya nani?

Natutazame yaliyotokea Los Angeles, Marekani. Mwaka 1986 Halmashauri ya mji ule ilinunua kwa nguvu ya sheria eka 14 hivi, ikikusudia kujenga tanuru ya kuchomea takataka. Wakazi wa mtaa walikataa, na tanuru haikujengwa. Baada ya machafuko ya mwaka 1992, ardhi ile ilitolewa ili watu walime. Jamaa wapatao 350, wengi wao wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, wakagawana vipande, wakapanda mahindi, maharagwe na miti ya matunda.

Lakini mmoja wa wenye ardhi wa zamani alidai ya kwamba, kwa kuwa tanuru haikujengwa, ni haki yake kuinunua tena. Mwaka 2003 aliuziwa kwa dola milioni 5 hivi. Wakulima walikwenda mahakamani, kisha wakachanga fedha; naye alitaka zaidi ya dola milioni 16. Hawakupatana. Tarehe 13 Juni, 2006, askari waliwaondoa, na baadaye mimea ikang'olewa kwa matingatinga. Jambo la kusikitisha ni hili: miaka mingi ilipita ardhi ile ikiwa tupu, bila mahindi wala jengo.

Hapana shaka mwenye hati ana haki yake, na mji wahitaji nyumba na kazi. Lakini jasho la miaka 12 nalo si kitu cha kudharauliwa. Huko New York, mwaka 1999, bustani zaidi ya 100 ziliponea chupuchupu kupigwa mnada, kwa sababu vyama vya hiari vilizinunua.

Nasi tujifunze. Sheria ya Nairobi ya mwaka 2015 yakubali ukulima wa mjini. Walakini kuruhusiwa kulima si kupewa ardhi. Kwa hiyo, alimaye kiwanja kisicho chake na aombe mapatano ya maandishi, yenye kutaja muda na taarifa ya kuondoka, naye mwenye kiwanja asikiache magugu yakimea ilhali jirani ana njaa. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.