Skuli ya Chekechea Iliyo Bora ni Ipi?

Kila mwaka unapokaribia mwanzo wa masomo, wazazi Waislamu wa pwani yetu hushughulika kuwatafutia skuli watoto wao wa miaka mitatu na minne. Huulizana misikitini na barazani: ni ipi iliyo bora? Na jawabu, aghalabu, huwa ni za mambo ayaonayo mpita njia: sare yenye tai, ukuta uliochorwa wanyama, gari la kuwachukua watoto, na kurasa mbili za hesabu za kufanywa nyumbani usiku. Akiweza mtoto kusimama mbele ya wageni akataja siku za wiki kwa Kiingereza pasi na kusita, baba hujiona amepata faida ya fedha yake.

Sisi tulio katika kazi ya kusomesha twaona kipimo hicho ni kibovu. Kuhifadhi kuna daraja yake, wala hatuwezi kukudharau sisi ambao kazi yetu ni kuwahifadhisha watoto Kurani Tukufu. Lakini mtoto mdogo aweza kuhesabu moja hata ishirini, na ukimwekea kokoto tano mbele yake asijue kuwa ni tano. Mzazi anayetaka kuijua chekechea ilivyo, na asishughulike sana na namna watoto wanavyomjibu mwalimu. Na asikilize namna mwalimu anavyomjibu mtoto.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Katika Hadithi zilizo sahihi imepokewa habari ya Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege akichezea. Mtume (s.a.w.) alipofika nyumbani kwao alimwita mtoto huyo kwa kunya, kama aitwavyo mtu mzima, akamuuliza habari za kindege chake. Haya na yazingatiwe. Aliyebeba mzigo wa umma mzima alipata nafasi ya kumuuliza mtoto juu ya jambo ambalo mtoto mwenyewe alikuwa nalo moyoni. Na sala, iliyo nguzo ya dini, wazazi wameamrishwa kuwahimiza watoto wao wafikiapo miaka saba. Basi ikiwa sala yenyewe imengojewa hata miaka saba, ni nani aliyetupa ruhusa ya kumchapa mtoto wa miaka minne kwa kuwa hakuandika herufi katikati ya mstari?

Imamu Ghazali aliandika kwamba mtoto atokapo chuoni apewe nafasi ya kucheza, kwani kumzuilia mchezo na kumkalifisha masomo daima huuua moyo wake. Ibn Khaldun naye, katika Mukadima yake, aliweka mlango mzima kueleza kuwa ukali kwa wanafunzi wadogo huwafundisha uwongo na hila. Katika Kenya sheria ya elimu ya mwaka 2013 yakataza adhabu ya kumpiga mwanafunzi. Nasi twasema kuwa mwalimu wa chekechea aliyeshika bakora amekwisha kujieleza, haihitaji kumwuliza zaidi.

Wako watakaosema kuwa haya ni maneno ya vitabuni. Basi na watazame yaliyotendeka papa hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa walikuwa na dhiki: watoto wao waliingia madarasa ya chini wakiwa nyuma ya wenzao, na chekechea zilizokuwako hazikuwa na malezi ya Kiislamu. Wakuu wao wakaomba msaada kwa Aga Khan, na mwaka 1986 ikaanza kazi ya chekechea za madrasa, Bi Swafiya Said akiwa mwalimu wa mwanzo wa kuwafunza walimu. Kazi hiyo ikafika Unguja mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993. Hawakuanza kwa kujenga majumba. Walichukua wanawake vijana wa mitaa ile ile, wakawafunza, kisha wakawafuata madarasani mwao kuwatazama na kuwasahihisha. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi wa watoto zaidi ya 400 wa Kenya, Unguja na Uganda. Waliopelekwa chekechea yoyote waliendelea kuliko waliobaki nyumbani, na waliosoma katika chekechea hizi za madrasa waliwashinda wote.

Ukiingia darasa la namna hiyo waweza kudhani hapana kinachosomeshwa. Pembe moja ina vyungu vidogo, kanga na mbuzi ya kukunia nazi. Pembe nyingine ina vipande vya mbao vya kujengea. Kwingine pana vitabu, na nje pana beseni ya maji na mchanga. Vyombo vya hesabu ni vifuu, kombe za pwani, visoda na mbegu za mibuyu. (Walio chini ya miaka mitatu wasipewe vitu vidogo, maana huvitia vinywani na puani.) Asubuhi mtoto huulizwa: leo wataka kufanya nini? Akisema atajenga msikiti, huachwa akajenga. Ukuta ukimwangukia, mwalimu huinama hata macho yao yakalingana, akamwuliza: waonaje, kwa nini umeanguka? Kisha hungoja jawabu. Kungoja huku ndiko kuzito kuliko yote, na ndiko tukuonako haba katika skuli zenye tai. Mwisho mtoto huwasimulia wenziwe alilolifanya. Hapo amekwisha kuhesabu, kupima, kufikiri na kusema, na Bismillahi ameanza nayo na Alhamdulillahi amemalizia nayo.

Mazungumzo hayo hayawezekani kwa lugha asiyoijua mtoto. Msemeshe kwa Kiswahili, au Kidigo, au lugha yoyote aliyonyonya nayo; Kiingereza kitamkuta njiani. Wala hayawezekani kwa mwalimu mmoja mwenye watoto sitini, hata awe mwema kiasi gani. Huyo atachunga tu.

Yako na mambo ya mwili, ambayo baba wengi huona haya kuyauliza. Mzazi na aombe kukiona choo. Je, mtoto wa miaka mitatu aweza kukitumia peke yake bila hofu ya kutumbukia? Yako maji ya kustanji na sabuni ya kunawia? Mlango wa uwanja hufungwa, au watoto hutokea barabarani? Na mtoto akilia kwa kumkumbuka mama yake, hupakatwa na nani? Mtume (s.a.w.) aliifupisha sala ya jamaa kwa kusikia kilio cha mtoto mchanga, akichelea uchungu wa mama yake. Mwalimu asiyeweza kulikatiza somo lake kwa ajili ya kilio hajaielewa kazi hii.

Kwa hivyo mzazi asitosheke na maneno ya ofisini. Na aombe kuketi darasani saa moja, siku ya kawaida, si siku ya sherehe. Skuli itakayomkatalia, na aiache.

Lakini liko deni upande wetu pia, jamaa Waislamu. Mwalimu mwema wa chekechea ni kijana mwanamke aliyefunzwa, na mshahara wake hutokana na ada za wazazi. Miezi mitatu ikipita bila ada, yeye huenda kutafuta kazi ya duka, na ujuzi wake huenda naye. Watoto wakaletewa mwingine asiyejua ila kuchapa. Misikiti yetu hukusanya michango ya mazulia na vipaza sauti, na Mwenyezi Mungu awalipe wanaotoa. Mazulia ya mwaka jana bado ni mapya. Mchango wa mwezi huu na uwe wa mshahara wa mwalimu, nao ukabidhiwe mbele ya kamati na uandikwe daftarini.