Kugundua, Kukadiria na Kuthibitisha: Habari za Maji ya Turkana katika Kiswahili

Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi umekuwa, kwa miaka mingi, mjadala wa majina. Swali linaloulizwa katika kamati na warsha ni moja: kitu fulani kiitweje? Kwa juhudi hizo lugha imejipatia hazina kubwa ya istilahi, na kazi iliyofanywa na TUKI na BAKITA katika uwanja huo haihitaji kutetewa tena. Hata hivyo taarifa ya kisayansi haijengwi kwa majina peke yake. Kitenzi ndicho kimwelezacho msikilizaji kama jambo limeonekana kwa dalili, limekadiriwa kwa hesabu, ama limethibitishwa kwa kushikwa mkononi. Istilahi ikikosewa, msomaji hukwama, akauliza. Kitenzi kikikosewa, msomaji hupita bila kukwama, akaondoka na imani isiyo sahihi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha uzito wa jambo hilo kwa mfano mmoja: habari ya maji yaliyotafutwa kwa msaada wa setilaiti katika Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ambayo iliwahusu hasa wakazi wa Lodwar na Kakuma.

Tukio lenyewe

Tarehe 11 Septemba 2013, mjini Nairobi, Judi Wakhungu, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya mazingira, maji na maliasili, alitangaza kwamba kiasi kikubwa cha maji kilikuwa kimegunduliwa chini ya ardhi ya Turkana. Utafiti huo ulifanywa chini ya Serikali ya Kenya na UNESCO, kwa fedha zilizotolewa na Japani, na kazi ya kuchunguza ardhi kutoka angani ilifanywa na kampuni ya Kifaransa, Radar Technologies International. Mabonde mawili yalitajwa kwa majina: bonde la Lotikipi, lililo kaskazini mwa Kakuma, na bonde la Lodwar, karibu na makao makuu ya kaunti. Yalitajwa mengine matatu pia. Jumla ya maji ilisemwa kuwa mita za ujazo bilioni 250, na maji yanayoongezeka kila mwaka kutokana na mvua na mito kuwa mita za ujazo bilioni 3.4. Katika vyombo vya habari ilienea kauli kwamba maji hayo yangeitosha Kenya nzima kwa miaka 70.

Yafaa kueleza kidogo jinsi ujuzi huo ulivyopatikana. Setilaiti yenye rada hutuma mawimbi ardhini, kisha hupokea mwangwi wake. Mawimbi hayo hurudi kwa namna moja yakigonga mwamba mkavu, na kwa namna nyingine yakikuta unyevu. Na penye mchanga mkavu yaweza kupenya kidogo chini ya uso wa nchi. Lakini hakuna setilaiti inayoyaona maji yaliyo mamia ya mita chini. Inachotoa ni dalili. Wataalamu huzichukua dalili hizo, wakaziunganisha na habari za miamba, miteremko na mikondo ya mito, ndipo wanapoamua mahali pa kuchimba. Mashine ya kuchimba ndiyo inayokata shauri.

Katika Turkana, mabonde mawili, yaani Lotikipi na Lodwar, yalikuwa yamechimbwa na maji yakaonekana. Yale matatu yalikuwa bado hayajachimbwa. Kwa hiyo katika tangazo moja mlikuwa na habari za daraja tatu: dalili zilizoonekana kutoka angani, kiasi kilichokadiriwa kwa hesabu, na maji yaliyothibitishwa katika visima vichache.

Daraja tatu, kitenzi kimoja

Habari hiyo ilipoingia katika Kiswahili, kitenzi kilichokuwa tayari mkononi kilikuwa kugundua. Nacho ni kitenzi kizuri, ila kina tabia yake. Asemaye kwamba jambo limegunduliwa anakuwa amekwisha kukubali kwamba jambo hilo lipo. Kilichobaki ni kueleza nani aliliona na lini. Kikitiwa kiambishi -me-, maana hukamilika zaidi, kwa kuwa hali iliyotokana na tendo huhesabiwa kuwa ingaliko. Hebu zilinganishwe sentensi hizi:

(a) Maji yamegunduliwa katika mabonde matano.
(b) Maji yamethibitishwa katika mabonde mawili. Dalili zake zimeonekana katika mengine matatu.
(c) Yakadiriwa kwamba mabonde yote matano yana mita za ujazo bilioni 250.

Sentensi (b) na (c) si ndefu kuliko uwezo wa mtangazaji, wala hazina istilahi hata moja ya kumtisha mkulima au mfugaji. Tofauti yake na (a) ni vitenzi tu. Lakini aliyesikia (a) anajua kwamba ana maji. Aliyesikia (b) na (c) anajua lililobaki kufanywa.

Huenda ikasemwa kwamba kukadiria ni neno la wasomi, na kwamba mwananchi wa kawaida atalichukua kuwa ni kubahatisha. Jibu limo katika siasa ya uchumi yenyewe. Kila mwaka Wakenya husikia habari za makadirio ya mapato na matumizi ya serikali, na hakuna anayedhani kwamba fedha zilizotajwa katika makadirio ziko zote sandukuni. Neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa maana ya hesabu inayofanywa kwa uangalifu kuhusu kitu ambacho bado hakijashikwa. Lililohitajika ni kulitoa katika fedha na kulipeleka katika maji.

Ndivyo ilivyo pia kwa kauli ya miaka 70. Kiswahili kina njia tatu za kuisema: maji yatatosha miaka 70, maji yaweza kutosha miaka 70, maji yangetosha miaka 70 lau yangekuwa ya kunyweka na lau ingepatikana njia ya kuyavuta na kuyasafirisha. Njia ya tatu ni nzito kidogo kinywani, lakini ndiyo pekee inayoyataja masharti. Wanafunzi hufundishwa kiambishi -nge- kwa mifano ya mtu ambaye angekuwa na fedha angenunua gari. Ni nadra kuonyeshwa kwamba kiambishi hicho ni chombo cha sayansi, kwa sababu hulifunga jambo kwenye sharti lake.

Maji gani?

Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi, kiasi cha kutofaa kunywewa bila kusafishwa kwa mitambo ya gharama kubwa. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Lakini akiba hii ilikuwa na munyu tangu siku ya kwanza, na hapakuwa na kitu katika tangazo kilichomfanya msikilizaji aulize.

Hapa pana jambo la kumsikitisha mwanafunzi wa Kiswahili kuliko mtu mwingine. Lugha ya pwani, ambayo ni lugha ya watu walioishi wakizungukwa na maji wasiyoweza kuyanywa, haikuliacha neno maji litembee peke yake. Ilitofautisha maji ya pepo na maji ya chumvi, maji matamu na maji ya bahari. Nahodha aliyeambiwa kwamba mbele kuna maji asingetosheka; angeuliza ni maji gani. Swali hilo limo ndani ya lugha tangu zamani, wala halikuhitaji kuundiwa istilahi mpya. Lau taarifa ingesema kwamba yamepatikana maji, ila haijajulikana bado kama ni ya pepo ama ya chumvi, ingekuwa imesema kweli yote kwa maneno yanayojulikana Lamu na Mombasa kabla ya kuwapo setilaiti yoyote. Aidha, sehemu nyingi za Bonde la Ufa zina floridi nyingi katika maji ya chini, nayo huharibu meno na mifupa. Kwa hiyo hata yasiyo na chumvi hayana budi kuulizwa.

Jambo la pili ni picha iliyofanywa na maneno. Aghalabu hifadhi ya namna hiyo ilielezwa kana kwamba ni ziwa lililofichwa. Kwa hakika ni tabaka la mchanga, kokoto na miamba ambayo vinyweleo vyake vimejaa maji. Ziwa huchotwa, tabaka la mwamba huvutwa polepole kwa visima na pampu, na si maji yote yanayokubali kutoka. Kwa mintarafu ya uchumi, mfano unaofaa zaidi ni wa mtaji na faida. Bilioni 250 zilikuwa makadirio ya mtaji, bilioni 3.4 zilikuwa makadirio ya faida ya mwaka. Mwenye duka anayekula mtaji hufunga duka. Kauli ya miaka 70 iliwaalika wasikilizaji kuhesabu siku za kuula mtaji, ilhali tarakimu iliyostahili kukaa midomoni ni ile ndogo.

Kwa nini neno lina uzito katika Turkana

Taarifa kama hii ingetolewa kuhusu nchi nyingine, kosa lake lingekuwa dogo. Turkana ina historia yake. Wakati wa ukoloni Lodwar ilikuwa mahali pa kuwaweka watu mbali na wengine. Jomo Kenyatta mwenyewe aliwekwa huko kuanzia mwaka 1959 hadi 1961. Baada ya uhuru, Waraka wa Serikali Na. 10 wa mwaka 1965 ulielekeza kwamba fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, njia na umeme. Kwa kipimo hicho nchi ya wafugaji ilihesabiwa kuwa haina kitu. Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kulirekebisha jambo hilo kwa serikali za kaunti na kwa mfuko wa kusawazisha maendeleo. Kisha, tarehe 26 Machi 2012, ilitangazwa kwamba mafuta yamegunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, kusini mwa Turkana. Na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba maji yamegunduliwa. Kitenzi ni kile kile. Shehena ya kwanza ya mafuta ghafi iliondoka Mombasa mwaka 2019, miaka 7 baada ya tangazo.

Basi kwa sentensi mbili nchi iliyoitwa ya ukame iligeuka kuwa nchi ya hazina, na watu wake wakaonekana kuwa wamekwisha kupata. Hilo ndilo hatari. Anayedhaniwa kuwa na maji huacha kuchimbiwa kisima. Lodwar imeendelea kutegemea visima vilivyo kando ya mto Turkwel. Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, na Kalobeyei iliyofuata mwaka 2016, pamoja zina wakimbizi zaidi ya 250,000, nao pamoja na wenyeji hutegemea visima na mito ya msimu kama Tarach.

Katika miji hiyo miwili Kiswahili hakizungumzwi na watu wa aina moja. Kakuma hukutana Kiswahili cha Kenya na kile cha mashariki mwa Kongo, pamoja na Kisomali, Kiarabu na lugha za Sudani Kusini. Mwenyeji, naye, lugha yake ni Kiturkana, na neno lake la maji ni ngakipi. Mara nyingi habari ya sayansi humfikia ikiwa imevuka vivuko viwili: kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, kisha kutoka Kiswahili hadi Kiturkana. Kiswahili ni kivuko cha kati. Kilichoangushwa majini hapo hakiwezi kuokotwa ng'ambo ya pili. Mkalimani wa barazani hawezi kurudisha shaka ambayo hakupewa.

Wala isidhaniwe kwamba msikilizaji huyo hawezi kupokea shaka. Wanawake wa Turkana huchimba mchanga wa mito mikavu wakitafuta maji kwa mikono. Wanajua kupambanua unyevu na maji, maji machache na maji ya kutosha mifugo, maji ya kunywa na yale yanayowafaa wanyama tu. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba dalili zimeonekana lakini kisima hakijachimbwa, ataelewa upesi kuliko mhariri wa Nairobi.

Anga na ardhi

Mfano huu unasaidia pia katika mabishano yanayozuka kila nchi maskini inapotajwa pamoja na safari za anga. Upande mmoja husema: watu hawana maji, za nini setilaiti? Upande wa pili huonyesha fahari: setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, na Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kutazama ardhi, ilirushwa kutoka Marekani tarehe 15 Aprili 2023. Turkana inaonyesha kwamba pande zote mbili zimelipa swali sura isiyofaa. Anga iliweza kusema wapi pachimbwe, na hilo si dogo katika nchi kubwa yenye visima vingi vilivyotoka vikavu. Kama maji yananyweka, swali hilo liliachiwa kisima na maabara. Aliyedharau setilaiti angechimba kwa kubahatisha; aliyeishia kwenye setilaiti angekunywa chumvi.

Hitimisho

Kazi ya istilahi na iendelee. Lakini idara za Kiswahili zingefaa kuweka kando yake kazi nyingine: kufundisha vitenzi na viambishi vya yakini, makadirio na sharti kuwa sehemu ya lugha ya sayansi, na kuwazoeza watafsiri, watangazaji na wakalimani wauulize kila taarifa maswali matatu kabla ya kuifasiri. Jambo hili limeonekana, limekadiriwa, au limethibitishwa? Ni kwa sharti gani? Na kama ni maji, ni maji gani? Kiswahili kina maneno ya kuyajibu yote matatu, na mtu wa Kakuma anayesubiri zamu yake bombani ana haki ya kuyasikia.