Mbu wa mchana: kazi isiyoisha kwa salongo moja



Mbu wa malaria kila mtu hapa masomoni anamjua. Yeye anakuja usiku, na sisi tunaingia ndani ya chandarua. Lakini kuko mbu mwengine anayeuma mchana, zaidi sana asubuhi na saa za kuelekea magharibi, wakati tuko darasani ao uwanjani. Jina lake ni Aedes aegypti. Ni mdogo, mweusi, na miguu yake iko na mistari myeupe. Huyu ndiye anayepeleka ugonjwa wa dengi. Anapeleka pia homa ya manjano, ile iliyolazimisha kuchanja watu mamilioni katika Kinshasa mwaka 2016.

Dengi ni nini? Ni homa kali, kichwa kuuma nyuma ya macho, na maumivu ya mifupa na nyama za mwili. Dawa ya kuua virusi vyake haiko. Munganga anamfuata mgonjwa na kumnywesha maji mengi. Aspirini ni mbaya, maana inaweza kuzidisha kutoka damu. Tena dengi iko ya namna nne. Mtu aliyepona namna moja anaweza kushikwa na ingine, na mara ya pili inaweza kuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo njia njema ni kumzuia mbu mwenyewe.

Anazaliwa wapi? Si katika matope ya mtoni. Anapenda maji ya nyumbani: pipa la maji ya mvua, mtungi, mpira wa motokari uliotupwa, kopo, chombo cha maua. Anabandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Ukimwaga maji tu, mayai yanabaki, yanangojea hata miezi mingi, na maji yakirudi yanapasuka. Ndiyo maana lazima kusugua, si kumwaga tu. Wakati wa joto, yai linaweza kuwa mbu wa kuruka kwa muda wa juma moja ao zaidi kidogo. Na huyu mbu haruki mbali sana. Anayetuuma ametoka katika parseli yetu ao ya jirani.

Sasa tuangalie nchi mbili. Brazili ilipigana na mbu huyu miaka mingi, na katika mwaka 1958 ilitangazwa kwamba amekwisha kabisa kule. Kisha uangalizi ukalegea. Mbu akarudi, na katika mwaka 1986 dengi ikashika watu wengi wa Rio de Janeiro.

Vietnam ilianza na kidogo. Katika mwaka 1993, kijiji cha Phanboi, chenye nyumba karibu 400, kilitia ndani ya matangi na visima mdudu mdogo wa maji anayeitwa mesosiklopi. Urefu wake ni karibu milimita moja tu, naye anakula watoto wa mbu. Lakini hawezi kuishi ndani ya makopo yanayokauka. Makopo yale watu waliyaokota wenyewe, na ndipo mbu akakosekana kijijini. Kazi ikaenea. Kufika mwaka 2003, mbu huyu alikuwa amekwisha katika komine 32 kati ya 37 za mpango ule. Watu wa kujitolea walitembelea nyumba, na wanafunzi pia walisaidia. Zaidi ya yote, walitafuta kwanza ni vyombo gani vinazaa mbu wengi, wakaanzia pale. Kwa hiyo kazi haikuwa mzigo wa kuchosha watu.

Sisi tunaona siri iko pale. Salongo kubwa ya siku moja inapendeza macho, lakini nyuma ya juma mbili mbu wako tena. Afazali kazi ndogo ya kila juma. Basi tunaomba hivi:

1. Kila siku ya posho, kila darasa lisugue na kufunika vyombo vyake vya maji. Pipa kubwa lisilomwagika lifunikwe vizuri kwa kitambaa kisicho na tundu.
2. Wawili wa kila darasa watazame vyombo vyote na kuandika ndani ya kaye wapi waliona watoto wa mbu.
3. Pahali panapoandikwa mara nyingi ndipo tuanzie.
4. Kila mmoja aonyeshe kazi hii kwa mama na baba nyumbani, kwa heshima, si kwa kugombeza.

Itafika siku kaye itakuwa safi, bila mbu hata mmoja, na wengine watasema: Sasa tunasugulia nini? Siku ile ndiyo ya hatari, kama ilivyokuwa Brazili. Sisi wa mwaka wa sita tutaondoka baada ya egzamini ya Serikali. Kaye itabaki mikononi mwa wadogo zetu wa mwaka wa tano, nao wawafundishe wa nne mapema. Mbu hana likizo.