Bei ya kifutio

Mama aliweka sipiyu juu ya meza ikiwa bado imeviringishwa kwenye kanga. Sipiyu, ndivyo wengi tunavyoliita kasha zima la kompyuta, na hakuna fundi aliyewahi kutusahihisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii inawaka taa, feni inazunguka, ila kwenye kioo giza tupu. Jirani anasema imekufa mazabodi."

Tulikuwa ghorofani Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Aggrey, katika chumba chenye nafasi ya meza mbili na mafundi watatu. Fundi kijana hakubisha wala hakukubali. Alifungua ubavu wa kasha, akalipuliza kwa blowa, akachomoa ramu zote mbili na kuiwasha mashine hivyo hivyo bila ramu. Ikalia piii, ikanyamaza, ikalia tena. "Mazabodi nzima, mama. Hapo inalalamika njaa." Akatoa kifutio cha penseli, kile cha mtoto wa shule ya msingi, akasugua yale meno ya dhahabu ya ramu taratibu, akazirudisha. Picha ikaja. Dakika kumi hazikutimia.

Kazi ilikuwa imekwisha, na hapo ndipo biashara inapokuwa ngumu. Atoze nini? Kifutio?

Mteja wa soko hili yuko radhi kulipia kitu anachokishika mkononi: ramu, chaja, kioo. Kujua ugonjwa uko wapi, jambo lililomgharimu fundi miaka ya kuunguza vifaa vyake mwenyewe, hakuna risiti inayoliandika. Hospitali walishalimaliza hili zamani. Unalipa kumuona daktari kabla hata hujajua kama kuna dawa. Kwa fundi kompyuta, uchunguzi ni bure, na cha bure lazima kilipiwe mahali pengine. Hivyo hata fundi mwaminifu huuficha ujira wake ndani ya bei ya spea, au ndani ya kupiga windo, yaani kuiweka Windows upya.

Kupiga windo ndiyo Panadol ya mtaa. Mashine ikigoma kuwaka vizuri, iwe ni vumbi, iwe ni joto, itapigwa windo, maana hiyo ni huduma yenye jina na bei inayofahamika. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof aliandika juu ya soko ambalo muuzaji anajua asichokijua mnunuzi, akatumia mfano wa magari yaliyotumika. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kompyuta isiyowaka ingemfaa vilevile.

Chukua betri ya saa. Ni CR2032, duara kama sarafu, volti 3, ndiyo hiyo hiyo ya rimoti za magari mengi. Hukaa kwenye mazabodi miaka kadhaa bila kukumbukwa na mtu. Ikiisha, kompyuta ya mezani ikichomolewa ukutani husahau tarehe na mipangilio yake. Asubuhi inasimama kwenye maandishi meupe ikikuomba ubonyeze F1. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa diski mpya kwa ugonjwa huo. Duka silitaji.

Umeme nao una mchango wake, hasa unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika: paua saplai ndiyo huumia kwanza. Lakini kazi ambayo mteja huilipia akitabasamu ni kuondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD. Mashine iliyokuwa ikiwaka huku wewe unachemsha chai sasa inawaka kabla hujavuta kiti. Spea inaonekana na mabadiliko yanaonekana, kwa hiyo ujira wa fundi unapata pa kujibanza.

Sasa maficho hayo yanabomoka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Mashine nyingi za mezani majumbani kwetu ni mitumba ya maofisi ya nje, na zipo zilizotengenezwa kabla ya hapo. Fundi anajua njia ya panya ya kuipiga Windows 11 humo, lakini Microsoft haitoi dhamana kwamba masasisho yataendelea kuja. Na dawa ya kupiga windo imeanza kuwa na sumu: Windows 11 za karibuni, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, zinaweza kuifunga diski kwa ufunguo wenye tarakimu 48. Mazabodi ikifa na mteja hajui ufunguo uko kwenye akaunti gani, picha za harusi zimekwenda.

Upande wa spea, ramu zimepanda bei duniani kwa sababu viwanda vinakimbilia wateja wenye vituo vya akili mnemba. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na ramu za Crucial, zile zilizomlenga mtu wa kawaida. Spea ikipanda, fundi anayetaka kuongeza chake juu yake anakuta mteja ameshashtuka kabla hajamaliza kutaja bei.

Ningekuwa na duka lile ningebandika ada ya uchunguzi mlangoni, hata kama wa kwanza kumi wangegeuka kwenye ngazi. Kijana hakuwa na bango. Mama alishafungua pochi.

"Nikupe ngapi, baba?"

Kijana aliitazama kompyuta, akavuta droo, akatoa CR2032 mpya ndani ya karatasi yake, akaing'oa ya zamani kwa bisibisi na kuipachika ile mpya.

"Elfu kumi na tano tu, mama. Na betri mpya nimekuwekea."

Mama alilipa bila neno, akaifunga kanga yake na kushuka. Ile betri ya zamani ilibaki mezani. Niliomba mita, nikaipima. Ilikuwa bado inasoma volti 3.