Sanaa ya Kisarawe Isisomwe Ughaibuni Tu

Kila mwaka vyuo vikuu vya Ulaya vinapofunga, wanafunzi wa shahada za juu wa historia ya sanaa kutoka mataifa mbalimbali hukusanyika kwa majuma machache ya masomo ya pamoja. Hutazama kazi za mikono, hujadiliana, kisha huandika. Mafunzo ya namna hiyo yana manufaa makubwa. Je, kwa nini Mkoa wa Pwani usiwe mwenyeji wake?

Mali ya kusomwa tunayo. Mwana hiti wa Wazaramo ni kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, na kichwa chake kimegawanyika mapande mawili. Mwali aliyewekwa ndani alikitunza kama mtoto wake. Umbo hilohilo mafundi walilichonga juu ya bakora, viti vya wakubwa na nguzo za makaburi. Baadhi ya kazi hizo zilichukuliwa enzi ya ukoloni wa Kijerumani. Mwaka 1994 maonyesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania yalifanyika Ujerumani. Mkazi wa Berlin alihitaji kiingilio tu, kijana wa Maneromango alihitaji nauli ya ndege.

Hata hivyo, kinyago kilichofungiwa kabatini hakielezi kilivyotumika. Wajuao ni makungwi na mafundi wazee wa vijijini, na kila mmoja wao anapofariki, ushahidi hupungua.

Kibaha si mgeni wa ushirikiano wa elimu. Mwaka 1963 Tanganyika na nchi za Denmark, Ufini, Norwe na Uswidi zilianzisha hapo mradi uliokabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Mwaka huohuo kilichapishwa kitabu cha Marja-Liisa Swantz wa Ufini juu ya mila na alama za Wazaramo.

Ndugu zetu wa Mafia nao wasisahauliwe. Magofu ya Kua kisiwani Juani, na mabaki ya Kisimani yanayoliwa na bahari, ni somo kamili la ujenzi wa Waswahili.

Tunaishauri Ofisi ya Mkoa ikae na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa na Taasisi ya Sanaa Bagamoyo. Miezi ya kiangazi cha Ulaya kwetu ni kipupwe: masika yamekwisha na njia za vijijini hupitika. Wanafunzi walale Kibaha, wasome Kisarawe, kisha wavuke kutoka Nyamisati hadi Kilindoni.

Lakini masharti yawekwe mapema. Nusu ya nafasi wapewe Watanzania. Wazee walipwe kama walimu, si kupewa shukrani tu. Nakala za maandishi na picha zibaki wilayani, kwa Kiswahili. Wala kitu chochote kisitolewe nchini kinyume cha Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bila masharti hayo, atakayepona ni mgeni peke yake.