Tambiko, Sadaka na Kafara katika Nchi ya Dhahabu

Kutoka Shinyanga hata machimbo ya Geita, kati ya Wasukuma na majirani wao Wazinza na Wasumbwa, yako maneno matatu ambayo mwalimu wa dini huyasikia mara kwa mara, na watu wengi huyachanganya: tambiko, sadaka na kafara. Twataka kuyaeleza moja moja, maana asiyeyapambanua hawezi kumfundisha mchimbaji jinsi ya kuishi Ukatoliki wake siku sita zilizo nje ya kanisa. Injili si ngeni huku: Mapadre Weupe walifika Bukumbi, kusini ya ziwa, mwaka 1883, Jimbo la Shinyanga lina jina hilo tangu 1956, na la Geita liliundwa 1984. Watu wengi wamekwisha kubatizwa. Lililobaki ni kuona ubatizo huo ukishuka pamoja nao shimoni.

Tambiko ni jambo la ukoo. Msukuma akiona ugonjwa nyumbani, hukumbuka masamva, yaani wazee waliokwisha kufa, naye huenda kwa nfumu, ambaye pengine hutazama ndani ya kuku apate kujua ni mzee yupi aliyesahauliwa. Kisha pombe humwagwa, au mnyama huchinjwa, na jamaa hula pamoja. Kanisa halikubali ramli, wala halikubali kuwaomba wafu kana kwamba wao ndio wenye uhai mikononi. Lakini tukitazama vema twaona humo shukrani, umoja wa jamaa, na heshima kwa waliotangulia. Hayo Mkristo hayatupi. Huyaleta katika Misa ya marehemu na katika mwezi wa Novemba. Padre David Clement, mwanzilishi wa makumbusho ya Wasukuma huko Bujora karibu na Mwanza, aliifuata njia ya namna hiyo. Huko sikukuu ya Ekaristi iliunganishwa na mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu, na watu huiita Bulabo, yaani maua, kwa ajili ya maua yatupwayo mbele ya Sakramenti katika maandamano.

Sadaka ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ni kitu kitolewacho kwa hiari kwa ajili ya Mungu. Twalitumia kwa fedha itiwayo kikapuni, na twalitumia kwa Misa yenyewe. Alama yake ni moja: mtoaji hutoa kilicho chake. Na Yeye aliye mkuu kuliko watoaji wote alijitoa mwenyewe.

Kafara nalo latoka katika Kiarabu. Asili yake ni kitu kitolewacho kufidia kosa au kuondoa balaa. Lakini machimboni neno hili limegeuka. Kutoa kafara sasa ni kununua utajiri kwa damu ya kiumbe kingine, hata ya binadamu. Sababu yake yaeleweka. Mtu aweza kuchimba duara miezi mingi asione mwamba wenye dhahabu, na mwenziwe aliye hatua kumi pembeni akatajirika kwa siku moja. Hapo ndipo mganga humwambia kwamba dhahabu ina mwenyewe, naye ataka malipo. Matunda ya neno hilo tumeyaona. Tangu 2007 zilienea habari za watu wenye ualbino waliouawa katika nchi za ziwa. Vikongwe nao wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa kuwa macho yao ni mekundu, kumbe yamechomwa na moshi wa jikoni. Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumwua mvulana mwenye ualbino, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Hata hivyo sheria hushika mkono, haishiki moyo.

Basi tofauti ni hii: katika sadaka natoa changu, katika kafara natoa cha mwenzangu. Mwalimu akiishika kanuni hii ataona kwamba kafara hutolewa hata pasipo mganga. Mwenye duara awapunjaye wachimbaji viroba vyao vya mawe ametoa kafara. Papa Leo XIII, katika barua yake ya 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba kumnyima mtu ujira wake ni dhambi kubwa. Aharibuye mzani ni yule yule. Vilevile yeye achomaye zebaki karibu na watoto, hali mvuke wake ni sumu, anunua dhahabu kwa pumzi zao. Kinyume chake, atiaye matimba imara dunini, ingawa yampunguzia faida, ametoa sadaka. Na jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa nafasi ya kwanza mwaka 1976, zikipeana zamu ya kumsindikiza shuleni mtoto mwenye ualbino, zimetoa sadaka ya kweli.

Kwa hiyo, ndugu walimu na mapadre, tusimcheke mchimbaji kwa hofu yake, wala tusimkataze tu na kwenda zetu. Tumfundishe kujiuliza, kila apatapo faida: kilichotolewa kilikuwa cha nani? Akiona kwamba ni jasho lake mwenyewe, na amshukuru Mungu. Akiona kwamba ni uhai au haki ya mwingine, basi ajue ametoa kafara, hata kama Jumapili alikuwa kanisani.